Watoto wa Belarus walivyoponzwa na watu wazima

Belarus haikukosa shindano la nyimbo la watoto, Junior Eurovision, tangu lianzishwe mwaka wa 2003 hadi 2020. Ilitwaa ushindi 2005 na 2007, na jiji la Minsk likawa mwenyeji 2010 na 2018.

Mnamo 2021 mlango ulifungwa. Muungano wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ulisimamisha uanachama wa shirika la serikali, BTRC, uliposhtushwa na mahojiano yaliyoelekea kupatikana kwa shuruti.

Uamuzi huo ulikuwa na mashiko. Lakini wanaoshiriki ni mashirika ya utangazaji, hivyo shirika likifukuzwa, watoto hawana njia nyingine ya kufika jukwaani. Kweli, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.