Ubishi Usiovunja Heshima

Mwezi Januari 1992, Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam alitangaza kwamba Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, ulikuwa umepitwa na wakati. Kwa maoni yake, kiini cha mfumo chapasa kiwe kidogo, na kazi nyingi zigawiwe programu zilizotengana, ili moja ikiharibika nyingine zisalimike. Torvalds, aliyejifunza mengi kutokana na Minix, mfumo wa profesa huyo, alikiri kwamba kinadharia hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Lakini Linux, alisema, ilikuwa tayari ikifanya kazi. Jibu lake lilikuwa kali, na kesho yake akaomba radhi. Mwaka 2004 ilipodaiwa kwamba Torvalds aliiga Minix, Tanenbaum mwenyewe ndiye aliyemtetea.

Hapo pana funzo kwa shule zetu. Mwanafunzi ampingaye mwalimu kwa hoja hakosi adabu. Kadhalika, wanaoshindania Windows na Linux waulizane kwanza: ni kwa kazi gani, kwa mashine ipi, na kwa gharama gani? Ushabiki hauyajibu maswali hayo.