Wahandisi wa gesi ya Kusini watatoka wapi?

Gesi ya Songosongo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Katika miaka hiyo ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha mafunzo ya awali ya hisabati na fizikia kwa wasichana waliopungukiwa alama za kuingia uhandisi, waliofaulu walidahiliwa.

Utaratibu ulikuwa mzuri, ila ulikuwa Mlimani. Masomo ya namna hiyo hutangulia kufunguliwa kwa vyuo, na minada ya korosho huanza Oktoba. Mzazi wa Nyangamara atatoa wapi nauli na malazi mwezi Agosti, wakati ada yenyewe bado inasubiri korosho? Kampasi ya chuo hicho mjini Lindi ingepaswa kulibeba darasa hilo mapema, kabla mitambo ya gesi inayokusudiwa Likong'o haijaanza kutafuta wahandisi.