Spika Kwanza, Breki Baadaye
Wiki hii Gatsata, hapa Kigali, mbele ya maduka ya spea, nilimkuta kijana akifungiwa spika mbili kubwa kwenye buti la Corolla aliyoinunua majuzi. Nikainama kuangalia tairi za nyuma: vipara vitupu, uzi unakaribia kuchungulia. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sina ugomvi na muziki. Mimi mwenyewe nikishuka Kimihurura jioni bila rumba ya Franco naona safari haijakamilika. Ila mji huu ni vilima, na gari la hapa hupimwa kwenye mteremko. Halafu tunalinunua kwa shida. Jamaa wa Nairobi na Dar wanaagiza magari Japani moja kwa moja. Sisi tunaoendesha upande wa kulia wa barabara tunahitaji usukani wa kushoto, kwa hiyo tunasubiri magari yaliyotumika Ulaya au yanayopitia Dubai, na uchaguzi unakuwa finyu. Ukishalipa, mfuko umekauka, ndipo kilichobaki kinaishia kwenye rimu za kung'aa na skrini. Wengine hutafuta injini kubwa. Ya kukimbilia wapi, na hizo kamera za kupima mwendo tunazoziita Sofia zimejaa barabarani? Mimi nasema wazi: anayefunga spika kabla ya pedi za breki hana gari, ana redio inayotembea, na abiria wake wana haki ya kushuka. Mvua kubwa huanza Machi. Nenda kwa fundi mapema, mwambie avue magurudumu yote manne, nawe usimame hapo uone hali ya breki na tairi.