FIMBO INAFUNDISHA NINI?



Sisi makapita wa mwaka wa sita tuko na neno juu ya wenye kuchelewa. Mwanzo wa mwaka tulisimama mlangoni na fimbo. Kwa majuma mawili wachelewaji walipungua, tukajisifu. Kumbe walikuwa wanapita nyuma ya choo, katikati ya migomba! Na mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, anayetembea saa mbili kila asubuhi, aliacha kuja kabisa.

Saikolojia tunayosoma katika Pedagogia inaeleza jambo hili. Profesa Skinner wa Marekani alitia panya ndani ya sanduku. Panya akikandamiza kipande cha chuma anapata chakula, basi anarudilia. Kitendo chenye faida kinapata nguvu. Katika kitabu chake cha 1938 alieleza vile alikata chakula, na panya wengine wakapigwa nyayo walipokandamiza. Hao waliacha upesi. Lakini mapigo yalipokwisha walianza tena, na mwishoni hesabu yao ikawa karibu sawa na ya wale wasiopigwa.

Wenzetu wa Walikale wanajua: nyama aliyeponyoka mtegoni haachi pori, anajifunza kupita pembeni. Vilevile mtoto akiponyoka fimbo kwa uongo, uongo wake umepata zawadi. Na sisi makapita? Tunapiga, kimya kinakuja palepale, ndiyo zawadi yetu, tunazoea kupiga. Basi nani anayefundishwa hapo?

Wengine watasema bila fimbo hakuna nidhamu. Hatusemi makosa yaachwe. Aliyechafua asafishe. Aliyechelewa aulizwe sababu mbele ya kupewa azabu. Lakini muangalie wachungaji wa Masisi: ng'ombe anayezoea kupewa chumvi, akiitwa anakuja mwenyewe. Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa shule wakubali hivi: atakayefika mbele ya kengele juma nzima, aachiliwe salongo ya siku ya mposho. Na mwenye kutoka mbali, akipunguza kuchelewa hata kidogo, asifiwe mbele ya wote.

Fimbo yetu tumekwisha kuirudisha kwenye bilo. Siku ya Mungu, kisha ibada, tutaenda kwao yule mdogo kumuomba arudi. Ni mwendo wa saa mbili. Nani atatusindikiza?

Makapita, Mwaka wa 6 Pedagogia