Jeep ya turubai kwenye paseli: mali ya babu ao chuma chakavu?

Paseli nyingi za kizamani mjini Butembo zina kitu kimoja nyuma ya nyumba: jeep isiyotembea. Kuku wanatagia ndani yake. Viti vimeliwa na panya, na turubai lililokuwa paa limeoza, vimebaki vyuma vyake vilivyokunjwa kama mbavu. Wenye nyumba wanaiita "gari ya babu". Vijana wanaiita chakavu. Mnunuzi wa vyuma anapopita na mizani yake, familia nyingi zinaona heri kupata franga kidogo kuliko kuacha fasi ya paseli imefungwa bure.

Lakini huko Ulaya na Marekani, magari ya aina hiyohiyo yanatafutwa kwa bei ambayo hapa kwetu ingejenga nyumba ya matofali. Je, tofauti hiyo inatoka wapi? Na mkaaji wa Beni, Butembo ao Lubero anaweza kupata chochote ndani yake? Tuseme ukweli tangu mwanzo: ni wachache sana wataona pesa hiyo. Hata hivyo, mtu anayekata gari mbele ya kujua ni gari gani, anafanya hasara isiyorudishwa.

Zilifika namna gani huku

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, kwa hiyo mwili wa gari ulitengenezwa kwa aluminiamu. Paa lilikuwa turubai, na kioo cha mbele kililazwa juu ya boneti. Walioitengeneza walikuwa wameiangalia Jeep ya Marekani, ile Willys iliyoanza kutoka kiwandani 1941. Ubelgiji nayo ilikuwa na Land Rover yake: kiwanda cha Minerva kiliiunda miaka ya 1950 kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, kwa mwili wa chuma. Wajapani walileta Toyota yao 1951. Land Cruiser ambayo wazee wetu wanaikumbuka zaidi ni ile ya jamii ya 40, yaani FJ40 na BJ40, iliyoundwa kuanzia 1960 hadi 1984.

Huku kwetu magari haya hayakuwa ya starehe. Yalikuwa ya mashamba ya kahawa, ya machimbo ya zahabu, ya misheni na ya watumishi wa serikali. Kisha ikaja tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza Zaïrianisation. Mashamba na biashara za wageni ziligawiwa raia, na magari yalifuata. Gari la mzungu likawa la mwenye shamba mpya, halafu la mfanyabiashara wa maharagwe na viazi, halafu la mtoto wake.

Jimbo letu lina jeep moja ya turubai ambayo dunia inaijua kwa jina. Mwanamke Mmarekani Dian Fossey alipokuja kuchunguza sokwe wa mlima Mikeno, Januari 1967, alikuja na Land Rover kuukuu ya turubai iliyonunuliwa Nairobi. Aliiita Lily. Mwezi wa saba mwaka uleule, vurugu zilipotokea Kivu, askari walimshusha mlimani na kumshika Rumangabo. Alitoroka akaingia Kisoro, Uganda, na baadaye akaanza upya upande wa Rwanda. Hadithi ya Lily ni hadithi ya jeep nyingi za hapa: gari lilinunuliwa kwa kazi, likawa njia ya kukimbia.

Vita vilivyofuata vilipunguza magari hayo. Mwisho wa mwaka 1996, askari wa FAZ walipokimbia mbele ya AFDL, magari yalikuwa kati ya vitu vya kwanza kuporwa. Kwa hiyo gofu lililo nyuma ya nyumba yako leo si takataka ya kawaida. Ni gari lililopita katika mambo ambayo magari mengi ya rika lake hayakupona.

Kwa nini huko nje yanatafutwa

Sababu ya kwanza ni uhaba. Turubai linapasuka, mvua inaingia, mwizi anakata kwa kisu. Wenye magari wengi, hapa na kwingine, waliyafunga paa la bati. Yaliyobaki na vyuma vya turubai, milango ya chini na kioo kinacholala ni machache.

Ya pili ni kumbukumbu. Mtu aliyekulia shambani kwao na gari kama lile, akizeeka na pesa mfukoni, analitafuta tena. Mwaka 2016 kampuni ya Land Rover yenyewe iliamua kurekebisha magari 25 ya Series I, ya zamani kabisa, na kuyauza kati ya pauni 60,000 na 80,000 kila moja. Marekani, FJ40 zilizorekebishwa vizuri kabisa zimepita dola 100,000 mnadani. Toyota ilitangaza 2021 kwamba inarudia kutengeneza vipuri vya Land Cruiser ya jamii ya 40. Kiwanda hakirudii kutengeneza kipuri cha gari ambalo halina watu.

Ya tatu ni sheria, na hapa wengi hawaangalii. Marekani, gari lililofikisha miaka 25 linaweza kuingia nchini bila kudaiwa masharti ya usalama ya magari mapya. Umoja wa Ulaya unalihesabu gari la miaka 30 na zaidi kama kitu cha makumbusho, na ushuru wake unashuka sana, lakini kwa masharti: aina hiyo iwe haiundwi tena, na gari liwe katika hali yake ya asili, bila kubadilishwa chasi, usukani, breki wala moteri. Tushike neno hilo la hali ya asili. Ndilo linalotuumiza.

Kwa nini huku yanakatwa

Mekanisie wa Butembo ni mtu wa akili. Moteri ya petroli ya Land Rover ikifa, anaweka dizeli ya Toyota. Chasi ikipasuka, anaunga na chuma cha lori. Anakata sehemu ya nyuma ili gari libebe magunia. Kwa kazi yetu, hiyo ni sawa kabisa: gari linatembea, mtoto anasoma. Lakini kwa mnunuzi wa magari ya kale, kila badiliko linaondoa sehemu ya bei. Gari ambalo fundi amelipa maisha ya pili linaweza kuwa limepoteza bei yake ya mnada siku ileile. Tusimlaumu fundi. Hakuna mtu aliyekuwa akimlipa ili gari libaki kama lilivyotoka kiwandani.

Halafu kuna sufuria. Mwili wa Land Rover, kwa sababu ni aluminiamu, hauli kutu. Chasi iliyo chini ndiyo inayooza. Na aluminiamu chakavu ina soko la karibu: inayeyushwa na kumiminwa kuwa masufuria. Mlango uliopona miaka 50 ya mvua ya Lubero unaweza kumalizikia jikoni.

Hapa kwetu jeep inapewa bei na kazi yake. Tuliona hivyo wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Mwenye jeep nzima aliikodisha kwa timu za Riposte na kulipwa dola kila mwezi. Zilizotakiwa ni Land Cruiser za paa la chuma, zenye kuamka asubuhi na kufika Mangina bila kusukumwa. Gari ya babu ilibaki na kuku wake.

Barabara inabadilisha hesabu

Tarehe 16 Juni 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua pale Mpondwe mradi wa kilomita 223 za barabara: 80 kutoka Kasindi hadi Beni, 54 kutoka Beni hadi Butembo, na 89 kutoka Bunagana kupitia Rutshuru hadi Goma. Vita vimeusumbua mradi huo, lakini mwelekeo unaonekana. Popote gudron inapofika, gari dogo linapita. Pikipiki zilikwisha kuchukua abiria, na Fuso zimechukua mizigo. Jeep ya kizamani inapoteza kazi yake ya mwisho, ile ya kupita pasipopitika.

Hiki ndicho kipindi cha hatari kwa gari la kale popote duniani: limeacha kuwa chombo cha kazi, na bado halijaanza kuhesabiwa kuwa urithi. Ulaya ilipita hapo pia. Land Rover nyingi za mashambani Uingereza zilikatwa zikiwa chakavu, na watoto wa waliozikata ndio wanaolipa pauni leo.

Tatizo letu lingine ni njia ya kumfikia mnunuzi. Tangu M23 ichukue Kanyabayonga mwisho wa Juni 2024, kisha Goma mwisho wa Januari 2025, njia ya kusini si ya kutegemea. Inabaki Kasindi, halafu Uganda, halafu Mombasa, zaidi ya kilomita 1,500 mbele ya kuona bahari. Kati ya Beni na Kasindi kwenyewe, watu wameuawa na magari yamechomwa moto barabarani. Ukijumlisha usafiri, forodha ya nchi tatu, na kazi ya kufungua gari lote na kulijenga upya, ile dola 100,000 inageuka kuwa bei ya mtu wa mwisho kwenye mnyororo. Mtu wa kwanza, mwenye paseli, anapata mkia.

Tuna faida moja tu ambayo Uganda na Kenya hawana. Kongo tunaendesha upande wa kuume, na usukani wa magari yaliyoletwa rasmi wakati wa Wabelgiji na wa Zaire uko kushoto, kama Ulaya ya bara na Marekani. Magari ya kale ya Uganda na Kenya yana usukani kulia. Kwa mnunuzi wa Brussels ao wa Texas, kwa hoja hiyo moja, jeep ya Lubero inaishinda ya Kasese.

Mali bila daftari

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Gari la kale lisilo na karatasi ni vipuri tu, hata likiwa zima. Mnunuzi wa nje atauliza nambari ya chasi, atauliza liliandikishwa lini na kwa jina la nani. Magari yetu yamepita mikono mingi: mzungu aliyeondoka, mwenye shamba aliyekufa, wajomba wanaogombania urithi. Bila karatasi, na kwa historia yetu ya uporaji, gari linaweza kushikwa njiani kama la wizi, na anayelisindikiza pia.

Kwa hiyo, mbele ya kumwita mtu wa mizani, fanya mambo haya. Kwanza, jua ni gari gani. Kwenye Land Rover, tazama taa za mbele: zikiwa katikati, karibu na wavu wa moteri, ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zikiwa pembeni kwenye mabawa, ni ya baadaye. Kwenye Land Cruiser ya 40, herufi za kibati zinasema moteri: FJ ni petroli, BJ ni dizeli. Pili, safisha kibati hicho na nambari iliyogongwa kwenye chasi, piga picha, hifadhi. Usikubali mtu ang'oe kibati "akaonyeshe mnunuzi". Kibati bila gari kinaweza kumtumikia mwizi. Tatu, tafuta carte rose ya zamani, hata iliyochanika, na familia iandike mbele ya mashahidi gari ni la nani. Nne, usitupe vyuma vya turubai, vipande vya milango wala moteri ya asili iliyotolewa. Vitu hivyo vidogo ndivyo huwa vigumu kupatikana. Tano, likinge mvua. Bati mbili kuukuu zinatosha.

Na anayekuja na dola mkononi akitaka jibu leo jioni, mwambie arudi kesho. Familia iliyokimbia vita inauza kwa haraka, na wanunuzi wanajua. Hakuna aibu kuuza gari ili watoto wale. Lakini kuuza gari zima kwa bei ya kilo, kwa sababu hakuna aliyekuambia kwamba kilo si kipimo chake, hiyo inauma.

Mjini Goma, chukudu ina sanamu yake kwenye mzunguko wa barabara, sababu watu walikubali kwamba kile chombo cha mbao kilibeba mji. Jeep ya turubai ilibeba kahawa, wagonjwa, mapadri na maharusi kutoka Lubero hadi Beni. Yawezekana nyingi hazitauzwa kwa mtu yeyote wa nje. Moja ao mbili zikirekebishwa na mafundi wetu wenyewe, zikabeba maharusi siku ya Jumamosi, zitampatia mwenye nyumba pesa kuliko mizani, na watoto wataona babu alikuwa akipita njia gani.