Bibie, hilo kopo lako halizuii damu leba!

Wadau, leo naomba tuweke pembeni nani kaachana na nani. Kuna huyu staa wetu mmoja, jina simtaji, ambaye tangu ajifungue amegeuka duka la dawa. Asubuhi kopo, mchana kopo, usiku yuko laivu na kopo. Ni saplimenti ya wajawazito, bei "njoo DM", na ukienda huko DM unakutana na laki na themanini. Sawa, mjini hapa kila mtu anatafuta hela ya kodi. Kilichonichefua ni maneno aliyoongea Jumapili, eti akina dada waachane na "vile vidonge vya kliniki vinavyotapisha", wanywe hiki chake, kinajaza damu ndani ya wiki mbili, na ukifika leba "hutoki damu kama wengine".

Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloua.

Mama akishajifungua, pale kondo la nyuma lilipobanduka panabaki mishipa iliyo wazi. Mimba ikiwa imekomaa, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi inafika nusu lita kwa dakika au zaidi. Kwa dakika, jamani! Kinachofunga ile mishipa ni msuli wa mfuko wenyewe kujikaza. Ukilegea, damu inamwagika, na kulegea huko ndiyo sababu inayoongoza. Nyingine ni kuchanika, kipande cha kondo kubaki ndani, au damu kugoma kuganda. Sasa bibie atuambie, unga wake wa kijani unakaza msuli gani hapo? Kinachokaza ni sindano ya oksitosini, uniti 10, anayochomwa mama mtoto akishatoka tu. Na sindano yenyewe inataka itunzwe kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu. Nikisikia staa mwenye wafuasi lukuki anaongelea damu ya uzazi, nategemea aulize kama zahanati za kule kwao kijijini zina umeme wa hilo friji. Yeye anatuonyesha kopo.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wanawake kama milioni 14 kila mwaka wanatoka damu nyingi baada ya kujifungua, na kama elfu 70 wanakufa. Kuna utafiti mkubwa unaitwa E-MOTIVE, ulifanyika hapa Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini kwenye hospitali 80, majibu yakatoka 2023. Wala hawakuleta maajabu. Mama aliyejifungua anatandikiwa plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo, muuguzi anasoma damu imefika wapi badala ya kukadiria kwa macho. Ikivuka mstari, hakuna kusubiriana: tumbo linasuguliwa, dawa ya kukaza mfuko inaingia, dawa ya kusaidia damu kuganda inaingia, dripu inawekwa, na wanatafuta inatokea wapi. Yale matukio mabaya kabisa ya kutoka damu yakapungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari na watu walio macho, basi.

Sasa njoo kwa hivyo vidonge anavyovidharau. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi havizuii damu kutoka, na hakuna muuguzi mwenye akili aliyekuambia vinazuia. Kazi yake ni kukufanya usiingie leba ukiwa umeishiwa. Mwenye damu 12 akipoteza nusu lita, mara nyingi atahisi kizunguzungu kidogo, atakunywa mtori, maisha yataendelea. Mwenye damu 6 akipoteza hiyo hiyo, mnaanza kutafutana usiku nani ana damu ya grupu lake. Kinachopendekezwa ni miligramu 30 mpaka 60 za madini chuma kila siku na foliki asidi miligramu 0.4, na kliniki za serikali wanatoa bure. Kopo la bibie nimelizungusha kwenye picha zake zote: "mchanganyiko maalumu wa mimea". Miligramu ngapi? Kimya.

Msininukuu vibaya. Siyo kwamba saplimenti zote ni utapeli. Hiyo foliki asidi yenyewe inapunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na inatakiwa mwilini kabla hata hujajua una mimba, maana uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku kama 28 za mwanzo. Lakini kipo na kinachozidi. Vitamini A ya retino ukiibugia kupita kiasi miezi ya mwanzo inaweza kumlemaza mtoto. Ndiyo maana kopo lisilo na vipimo linanitisha kuliko lisilo na kitu ndani.

Na nyie mnaokomenti "mi nakunywa rozela tu, nina damu kama zote", rangi nyekundu siyo damu, mashosti. Rozela ni juisi tamu, kunyweni, ila kapimeni. Halafu udongo wa pemba na chai ya rangi juu ya msosi vinazuia madini chuma kuingia mwilini, hapo ndipo wengi mnapojimaliza.

Nikubali jambo moja kwake. Vile vidonge kweli vinachefua. Vinafunga choo, na choo kinatoka cheusi mpaka mtu anadhani anaumwa. Kliniki nyingi unapewa pakiti kwenye bahasha, "meza kimoja kila siku, mwingine!", hakuna anayekuambia hicho cheusi ni kawaida, au ujaribu kumeza usiku ukiwa umeshakula kitu kidogo. Ukiuliza mara mbili unafokewa. Dada aliyefokewa kliniki akikutana na staa anayemwita "mamii" na kumjibu DM saa sita usiku, ataenda kwa staa. Wizara na manesi wetu hilo lao, wasijifanye hawajasikia.

Ila bibie hana kisingizio hicho. Picha za kujifungua kwake tuliziona wote, alizipost mwenyewe: hospitali ya kulipia, chumba chake peke yake, maputo ukutani, dripu mkononi, daktari wawili pembeni wanatabasamu. Siku ile hakubeba kopo akaenda kujifungulia chumbani kwake. Alienda kwenye wataalamu, sindano na damu ya akiba, na alifanya vizuri kabisa. Wanaomnunulia kopo ni akina dada wa Tandika na Buza wanaojinyima wiki tatu kupata hiyo laki na themanini, pesa ambayo ingekuwa nauli ya bajaji usiku wa uchungu.

Bibie, weka basi picha ya nyuma ya kopo, pale penye maandishi madogo. Tuone miligramu za madini chuma, tuone namba ya usajili, tuone nani kakuambia linazuia damu leba. Kwako umefunga komenti tangu Jumatatu. Hapa ziko wazi.