Barua Iliyosomwa Kama Utafiti

Tarehe 10 Januari 1980, jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha barua kwa mhariri yenye sentensi tano tu. Waandishi wake, Jane Porter na Hershel Jick wa Boston, walieleza kwamba walipitia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini. Kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa angalau dawa moja ya maumivu ya jamii ya afyuni, walikuta wanne tu ambao uraibu wao ulikuwa na kumbukumbu za kuaminika, wakiwaacha kando wale waliokuwa na historia ya uraibu. Barua haikusema wagonjwa hao walipewa kipimo gani, kwa siku ngapi, wala nini kiliwapata baada ya kurudi nyumbani. Haikuwa na kosa kwa jinsi ilivyokuwa: ilikuwa barua.

Mwaka 2017 jarida hilohilo lilichapisha uchambuzi wa watafiti wa Canada walioifuatilia barua ile. Walikuta imerejelewa mara 608. Marejeleo 439 kati ya hayo yaliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra kwa wanaotibiwa kwa dawa hizo, na 491 hayakutaja kwamba wagonjwa waliozungumziwa walikuwa wamelazwa. Idadi ilipanda baada ya dawa ya OxyContin kuingia sokoni katikati ya miaka ya 1990, wakati madaktari wa Marekani walipohimizwa kuwaandikia dawa za aina hiyo hata wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu wanaojitibu nyumbani. Maafa ya uraibu na vifo yaliyofuata nchini humo yanajulikana. Barua moja haiwezi kubebeshwa lawama yote. Watengenezaji wa dawa na wasimamizi wao wana sehemu yao kubwa. Hata hivyo, ndani ya mlolongo ule palikuwa na kosa dogo, la ukarani hasa, ambalo mwandishi yeyote angeweza kuliepuka.

Mtindo wa Vancouver, uliozaliwa baada ya wahariri wa majarida ya tiba kukutana katika mji huo wa Canada mwaka 1978, una nafasi ya kutaja aina ya andiko. Baada ya majina ya waandishi na kichwa cha habari, mwandishi huongeza neno “barua” ndani ya mabano, ndipo hufuata jina la jarida, mwaka, juzuu na ukurasa. Msomaji akiliona neno hilo anajua papo hapo kwamba hana mbele yake utafiti kamili wenye mbinu, majedwali na mjadala. Na hata neno hilo likisahaulika, namba ya ukurasa hutoa ushahidi wake: rejeleo sahihi la barua ya mwaka 1980 lina ukurasa mmoja tu, wa 123. Ripoti kamili ya utafiti wa wagonjwa karibu 12,000 haitoshei katika ukurasa mmoja.

Hapa ndipo ufundishaji wa urejeleaji unapopotoka. Katika vyuo vingi somo hili hufundishwa kana kwamba ni adabu ya nukta na koma. Mwanafunzi hukatwa alama kwa kusahau nukta baada ya jina la jarida, lakini haulizwi kama amelisoma andiko alilolitaja au amelinakili kutoka orodha ya mtu mwingine. Programu za kompyuta zimerahisisha kazi na kuongeza hatari: zikiachiwa, barua, maoni ya mhariri na utafiti vyote huvikwa vazi moja la “makala ya jarida”.

Tofauti za umbo baina ya chanzo kimoja na kingine zina maana. Kitabu hutajwa na toleo lake kwa sababu matoleo hubadilika. Sura ya kitabu hutajwa kwa jina la aliyeiandika kabla ya jina la mhariri, kwa kuwa yeye ndiye anayepaswa kuijibia. Ukurasa wa intaneti huandikiwa tarehe uliposomwa, maana kesho unaweza kuwa na maneno mengine. Mazungumzo ya ana kwa ana, au simulizi ya mkunga mwenye uzoefu, hayaingizwi katika orodha. Hutajwa ndani ya maandishi, kwa jina na tarehe, na kwa idhini ya maandishi ya msemaji. Kanuni hii ya mwisho huvunjwa mara nyingi, na wanaoumia ni watu wasio na vyeo.

Mwaka unastahili uzito wa pekee. Tanzania Bara iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaingiza SP, kisha mwishoni mwa mwaka 2006 ikahamia dawa mseto ya artemether na lumefantrine. Katika miaka isiyozidi sita, mwongozo uliokuwa sahihi uligeuka kuwa wa kale mara mbili. Karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani katika zahanati, isiyo na jina la mwongozo wala mwaka, haimwambii muuguzi wa zamu kama inatoka kabla au baada ya mabadiliko hayo. Maelekezo yanaweza kuwa yaliandikwa kwa uangalifu mkubwa na mtu aliyeijua kazi yake. Bila mwaka, uangalifu huo hauna faida kwa atakayeyasoma baadaye.

Wapo wanaosema marejeleo ni mambo ya wasomi, na kwamba kipeperushi cha mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu hakihitaji mzigo huo. Hoja hii ina ukweli kwa orodha ndefu. Hakuna mgonjwa anayetaka marejeleo thelathini. Lakini kumnyima hata chanzo kimoja ni kumwacha sawa na aliyepokea ujumbe wa simu unaoanza na maneno “utafiti umeonyesha”, bila kusema utafiti gani. Karatasi mbili zinazopingana zikiwa mkononi mwake, zote hazina asili, hana njia ya kuzipima isipokuwa kwa uzuri wa picha.

Mstari mmoja chini ya kipeperushi unatosha: jina la mwongozo, taasisi iliyoutoa, toleo, mwaka na sura. Ikiwa maelezo yametoka katika barua au maoni ya mtaalamu mmoja, mstari huo useme hivyo waziwazi. Kwa kawaida huchukua nafasi ndogo kuliko nembo ya mfadhili.